Rangi Ndani ya Vanishi

Muriithi,

Nimekasirika. Sitakuuliza hali, kwa sababu hali yako naijua. Uko mjini Nyeri unaagana na marafiki, umevaa lile koti jipya, na kesho asubuhi unapanda gari la Kiriaini kwenda kufungua karakana yako mwenyewe. Mimi niko hapa kwenye karakana yetu, kando ya barabara ya Kiganjo. Ni saa tisa alasiri na ukungu haujainuka tangu kupambazuke. Siku kama hii vanishi haikauki, inapauka tu na kuwa nyeupe, kwa hivyo nimefunga makopo yote na kuosha brashi. Karatasi nimeiweka juu ya meza ya kupigia randa, na ukiona imechafuka gundi ujue ni kwa sababu hiyo.

Mbele yangu kuna kitanda cha mtoto. Ndiyo, hicho hicho. Kitanda ulichopeleka Tetu Jumamosi kwa Wairimu, yule mwalimu aliyejifungua mwezi huu. Nimekifuata leo asubuhi. Nimemkuta mtoto amelala ndani, msichana, amekunja ngumi kama mtu anayetaka kupigana. Mama yake akamnyanyua polepole asimwamshe, mimi nikiwa nimesimama mlangoni sijui uso niuweke wapi.

Nilipofika hapa nilichukua kipande cha kioo nikaikwangua ile mbao ya ubavuni, ile ya juu ambayo mama huegemea akiinama kumchukua mtoto. Vanishi ilitoka kwa maganda, nyeusi kama chai isiyo na maziwa. Chini yake nikakuta vumbi la msumeno lililokandwa kwa gundi. Chini ya hilo vumbi nikakuta ufa, mrefu kuanzia ncha ya kidole changu hadi kwenye kiwiko, unapita katikati ya matundu matatu ya fito. Nikaubonyeza kwa dole gumba. Kwa dole gumba tu, Muriithi. Ukafunguka, na fito mbili zikachomoka zikaanguka kwenye maranda.

Wewe ulijua. Jumanne nilipokuuliza hata hukukana, na afadhali ungekana, maana mtu anayekana angalau anaona haya. Wairimu alikuwa amenipigia simu kushukuru, akaongeza huku akicheka kwamba kitanda kimekuja cheusi na yeye aliomba rangi ya mti wenyewe, lakini si kitu. Nikakujia hapa hapa nikakuuliza kwa nini umetia rangi.

"Mathe, hiyo ya giza ndiyo inatoka poa kwa picha," ukasema, macho yako kwenye simu. Nikakuuliza tena. Nikasimama mpaka ukainua uso. "Sawa, ilikuwa na ufa kidogo. Nimeijaza. Kwani hiyo kitanda itabeba nini? Ni mtoi wa kilo nne. Wacha presha."

Una miaka ishirini na minne na umenipita kwa kichwa kizima, lakini mkono wangu uliwasha. Badala ya kukuzaba kofi nikasema jambo la kipumbavu. Nikasema baba yako angeona kazi hiyo angelia. Wewe ukacheka.

"Baba? Si ni Baba alivunja cucu kiuno na kiti yake? Mimi si Baba. Kitu yangu haiwezi anguka na mtu."

Tangu siku hiyo hatujazungumza. Nakuambia chai ipo, unaniambia sawa, basi. Nimeyabeba hayo maneno siku mbili nikipika, nikipiga msasa, nikilala. Nimekasirika kwa sababu ulisema vile juu ya baba yako na cucu, mama yake, halafu nimekasirika zaidi kwa sababu mtu aliyekufundisha kusema vile ni mimi. Utaelewa ukifika mbele.

Kwa hivyo sikuandikii habari za sweta na chakula. Unajua kununua sukari na unajua kufua. Nakuandikia kuhusu vanishi, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokufundisha kwa mikono yangu, na naona nilikufundisha nusu yake.

Mimi nilikuja huku msichana, na hilo neno sikulijua. Kwetu Bungoma kiti kilisuguliwa kwa jani la msasa kikaachwa hivyo, na mvua ikikipiga kilitolewa nje kikakauka. Halafu baba yangu, polisi, akahamishiwa Kiganjo nasi tukamfuata, na mwenye nyumba tuliyopanga akaleta fundi wa kutengeneza madirisha. Fundi huyo ndiye Kariuki, baba yako. Alikuwa mwembamba, ana penseli nyuma ya sikio, na alizungumza na mbao kuliko alivyozungumza na watu. Siku ya tatu akaniita nione fremu aliyoipaka nusu. Nusu isiyopakwa ilikuwa mbao tu. Nusu iliyopakwa ilionyesha kila kitu, nyuzi, vifundo, hata mahali msumeno ulipoteleza.

"Nafula, hii haifichi kitu," akaniambia. "Ukiweka kwa mbao mbaya, ubaya unaonekana mara mbili."

Nilidhani anatania. Nilikuwa nikifikiri, kama wateja wako wote wanavyofikiri hadi leo, kwamba vanishi ni ule mng'aro. Akaja kunifundisha baadaye, tulipooana, kwamba mng'aro ni ziada. Vanishi ni ngozi ya kuzuia maji, jasho la mikono na chai inayomwagika. Inapakwa nyembamba, mara tatu, na kila mara unasubiri na kupiga msasa tena hata kama mteja anakupigia simu kila saa. Kabla ya yote unaiweka mbao kwenye shavu lako, na ukihisi baridi unairudisha darini kwa sababu bado ina maji. Ukiipaka mbichi, maji yanafungiwa ndani, nayo inaoza polepole huku wageni wanaisifu. Hayo unayajua. Uliyajua ukiwa na miaka kumi na miwili na uliyafanya vizuri kuliko mimi.

Lakini mtu anakuja hapa anasema nipigie vanishi nyeusi. Hakuna vanishi nyeusi. Kuna vanishi, na kuna mtu aliyetia rangi ndani yake. Pengine ana sababu nzuri, mteja anataka viti vifanane na meza aliyorithi. Pengine ana ufa, na vumbi la msumeno lililojazwa kwenye ufa haliwezi kufichika chini ya vanishi safi, linaonekana kama plasta usoni, kwa hivyo lazima atie rangi. Mimi sijanunua kopo la rangi ya kahawia kwenye karakana hii tangu ulipokuwa na miaka tisa. Hujawahi kuniuliza kwa nini. Jumamosi niliona moja jipya chini ya meza, limefunguliwa, na nikalijua lilikuwa na kazi gani kabla sijakuona wewe. Nikanyamaza. Niliona gari likipakia kitanda, nikapunga mkono. Kwa siku tano mtoto wa watu amelalia ukimya wangu, na hilo silikuwekei wewe, ni langu.

Sasa kaa chini. Kama unasoma huku unafunga begi, acha begi.

Kiti cha cucu hakikuvunjwa na baba yako. Mimi ndiye niliyekivunja.

Ulikuwa na miaka tisa. Cucu yako alikuwa amechaguliwa kuwaongoza akina mama wa kanisa lake huko Tetu, na Jumapili watu wangekuja nyumbani kwake kwa maombi. Baba yako akaahidi kumtengenezea mama yake kiti cha mikono, akalie mbele ya wageni. Unamjua cucu wa sasa, anayekuita mume wangu kwa sababu una jina la guka, mume wake. Wakati ule mimi hakuwa akiniita chochote. Hakunitukana hata siku moja, nisimsingizie. Alikuwa akisema "huyo wa Kariuki." Huyo wa Kariuki alete maji. Huyo wa Kariuki ameweka chumvi nyingi. Miaka kumi nilikuwa huyo. Nikajiambia, kiti hiki nitakipeleka mwenyewe, niingie kwa lile geti nimekishika, king'ae mpaka majirani watoke nje. Nikawatumia akina mama wa kanisa habari kwamba kinakuja Jumamosi. Sikumuuliza baba yako.

Ijumaa kiti kilikuwa kimekwisha, isipokuwa mguu mmoja wa nyuma. Baba yako aliupiga randa akakuta kifundo, na ufa umekizunguka. Alichora msalaba wa penseli kwenye ule mguu, kama alivyochora kwenye kila mbao ya kutupwa, akaniambia anaenda Kiganjo kutafuta kipande kikavu na asipokuta yadi ya mbao iko wazi atalala kwa rafiki yake anunue asubuhi. Hakuikuta wazi. Mimi nikabaki na kiti na ule msalaba.

Nilipiga hesabu ya kukausha. Kama nisingepaka siku ile, Jumapili kiti kingekuwa bado kinanata, na wageni wangeondoka na vanishi kwenye nguo. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nikachukua vumbi la msumeno na gundi nikajaza. Nikachanganya rangi ya kahawia kwenye vanishi nikapaka, kiti chote, mara mbili, na pale kwenye msalaba nikapaka mara nne mpaka ukapotea. Mikono yangu haikutetemeka. Watu husema mtu akifanya ubaya moyo unamdunda, na mimi nakuambia nilikuwa nikiimba.

Jumamosi saa sita nikapata pikapu, nikakipeleka. Baba yako akarudi na mbao begani akakuta mahali patupu. Akanipigia simu. "Kiti iko wapi?"

Nikamwambia nimemwita fundi jirani akabadilisha mguu. Nilimdanganya mume wangu kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimwambia nayo nunua maziwa. Akasema, "Haya, asante," akashukuru kabisa.

Jumapili cucu akakalia kile kiti kwenye baraza, mbele ya watu wote. Akapitisha kiganja juu ya mkono wa kiti, mbele na nyuma, akanitazama. Akasema, "Nafula, kiti ni kizuri." Jina langu. Wewe umesikia nikiitwa hilo jina siku zote, huwezi kujua lilivyonigonga. Wakaimba wimbo wa kwanza amekaa. Wa pili akasimama na wenzake, akapiga makofi, na wimbo ulipoisha akajitupa kitini kama mtu aliyefurahi. Mguu ukakatika. Akaanguka kwa ubavu kwenye ngazi ya saruji, na nyonga ikavunjika. Hajatembea bila fimbo tangu siku hiyo.

Watu wakamkimbilia. Baba yako akamshika mama yake kichwa mpaka gari likaja, na alipokuwa amepakiwa akarudi akainama kwenye kiti. Akauokota ule mguu. Rangi ilikuwa imebanduka, na kwenye mbao iliyovunjika nusu ya msalaba wake wa penseli ilikuwa inaonekana. Akautazama. Kisha akanitazama mimi, nikiwa nimesimama na birika la chai mkononi.

Ndugu yake mkubwa akapaza sauti, "Kariuki, hata mama yako unamfanyia kazi ya kulipua?"

Baba yako akasema, "Ni makosa yangu. Nilifanya haraka."

Alisema mbele ya kanisa zima, mbele ya ndugu zake, mbele yako, ukiwa umeshika sahani ya mandazi. Na mimi unajua nilifanya nini? Nikaendelea kumimina chai. Kulikuwa na mzee ameshika kikombe, nikamjazia, nikaenda kwa mwingine. Nimejaribu miaka kumi na tano kukumbuka kama nilifungua mdomo, labda nilisema kitu kikamezwa na kelele. Hapana. Nilimimina chai mpaka birika likaisha.

Nyumbani nilimsubiri anipigie kelele. Nilijiandaa, nilikuwa na maneno yangu, kwamba mama yake alinidharau, kwamba yeye hakuwahi kunitetea. Akavua viatu, akanawa mikono, akasema, "Usiweke rangi kwa vanishi tena." Basi. Hakulitaja tena mpaka anakufa. Nilimchukia kwa hilo, na sioni kwa nini nikufiche. Angenitukana ningejitetea, tungegombana, pengine ningelia nikaenda Tetu nikasema ukweli. Alininyang'anya ugomvi. Alijua mama yake na ndugu zake wangenirudisha Bungoma, akaona heri wamdharau yeye, na hakuniuliza kama nataka.

Na wakamdharau kweli. Habari ilizunguka Tetu yote ikafika mjini, fundi aliyemvunja mama yake. Wenye vitanda na makabati wakahama. Ndiyo sababu ulimwona akitengeneza nyumba za kuku na mageti. Si kwamba hakuweza kitu kingine. Watoto shuleni wakakuita mtoto wa fundi wa kiti, ukaja na machozi ukamuuliza kama ni kweli. Nakumbuka mlikuwa pale kwenye rundo la maranda. Akakwambia, "Ni kweli, nilikosea." Mimi nilikuwa hatua nne kutoka hapo napiga msasa mlango. Nikazidisha kupiga ili nisisikie.

Ukakua ukimwonea haya. Alikufa kwa kifua ukiwa na miaka kumi na mitano, na jeneza rafiki zake mafundi wakalitengeneza kwa mbao kavu ya saipras. Nililipaka mwenyewe, vanishi safi, mara tatu, hakuna kitu ndani. Cucu alikuja akaegemea fimbo yake akalitazama, akawaambia wale mafundi, "Angalau mwanangu mmemtengenezea vizuri, nyinyi mnaojua kazi." Nilikuwa nimeshika brashi. Mtu aliyenitunza hivyo alikuwa amelala ndani ya nyumba, hawezi tena kudhurika na neno lolote nitakalosema, na Bungoma hapakuwa tena na mtu wa kurudishiwa, wazazi wangu wote walikuwa wameshafariki. Sikuwa na hofu tena. Nilinyamaza kwa mazoea. Hilo ndilo linalonichoma kuliko lile la kiti. Kiti nilikifanya siku moja, nikiwa mjinga na nina njaa ya kupendwa. Jeneza nililipaka siku mbili nzima, nina akili timamu.

Kwa hivyo Jumanne uliposema "mimi si Baba," ulisema kweli. Baba yako aliona ufa akauchorea msalaba akatembea hadi Kiganjo kwenye matope kutafuta kipande kingine. Wewe umeuona ukaujaza. Hapo wewe ni mtoto wangu, mwili na damu, hata mkono wa kuchanganya ile rangi ni wangu. Usinicheke tena kwa jina lake. Ukitaka kumdharau mtu nyumba hii, niko hapa.

Leo Tetu sikuishia kwa Wairimu. Yeye nilimwambia kama ilivyo, kwamba kijana wangu alificha ufa na mimi nilishuku nikanyamaza. Nilitegemea atapandisha sauti. Akamtazama mtoto begani, akaniuliza, "Sasa atalala wapi?" Akajijibu mwenyewe kwamba atalala naye kitandani, ila anaogopa kumlalia, ana usingizi mzito siku hizi. Akauliza kama ni wewe utakayekirudisha. Nikasema sijui.

Nilipakia kitanda kwenye pikapu, nikamwambia dereva anisubiri, nikateremka kwa cucu yako. Nilimkuta barazani, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Nikamwita mama, nikasema nikiwa bado nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaletewa chai na sitasema tena.

"Maitu, ile kiti ni mimi. Kariuki alikuwa ameweka alama mguu itolewe. Mimi nikaficha alama nikakuletea."

Hakuacha kuchambua. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia. Alizungumza Kigikuyu, mimi nakuandikia kwa lugha yetu.

"Alikuwa ameweka alama?"

"Ndiyo."

"Na akasema ni yeye."

"Ndiyo, Maitu."

"Na wewe ulikuwa wapi akisema hivyo?"

"Nilikuwa hapo. Nilikuwa na birika."

Akaweka ungo chini. Akafuta vumbi la maharagwe mikononi kwa leso, kidole kimoja kimoja. Muriithi, huyu mama amemzika mwanawe akiamini ni mtu wa kulipua kazi. Tangu kile kiti hakuwahi kukalia kitu chochote alichotengeneza, hata kigoda alichomletea Krismasi alikitumia kuwekea ndoo. Nilimwona akiyapitia hayo yote, moja moja, mimi nikimtazama. Kisha akasema, "Toka kwa boma yangu."

Nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye geti nikasikia fimbo inagonga saruji.

"Nafula! Rudi kesho saa nne. Nitaita ndugu zake wote. Utasimama pale tulipomzika useme vile umesema. Na usilie. Ukilia watakuhurumia wewe."

Nimekubali. Kwa hivyo kesho sitakuwa hapa kukuaga. Natoka saa moja asubuhi, na usinisubiri wala usiamke mapema kwa ajili ya kuombana msamaha, sina hamu nao. Nakupenda, na leo sitaki kukuona. Yote mawili ni ya kweli na usiache moja likusahaulishe jingine.

Mbao kavu iko darini, upande wa dirisha, nimeiweka shavuni mwenyewe. Msumeno nimeunoa. Sijatengeneza kitu kwenye hicho kitanda zaidi ya kukwangua, na sitatengeneza. Ukianza alfajiri, kukata na kutoboa na kupachika fito ni kazi ya saa tano kwa mkono wako, na kukifikisha Tetu ni saa moja. Usikipake. Ukungu huu hautaondoka kesho, na mbao tupu iliyopigwa msasa vizuri haimdhuru mtoto. Utarudi kukipaka siku ya jua, kutoka Kiriaini, kwa nauli yako, na vanishi iwe safi.

Najua yule mwenye kibanda cha Kiriaini alisema asipokuona na ufunguo mkononi kabla ya saa sita atampa mtu mwingine. Najua umekisubiri kibanda hicho tangu mwaka jana na hakuna kingine sokoni. Nimelifikiria hilo kuliko unavyodhani. Unaweza kupanda gari la kwanza ukafungua karakana yako kwa wakati, na Wairimu nikamtafutia fundi mwingine, na hakuna mtu Kiriaini atakayejua. Mimi niliweza kuishi hivyo miaka kumi na tano na nilikula na nilinenepa.

Nikimaliza Tetu nitarudi jioni. Sitakupigia simu njiani kukuuliza umefanya nini. Nitafungua karakana nitazame kama kitanda bado kipo.

Mama yako,
Nafula